Lita Mbili na Nusu kwa Tako Moja

Katika chuo chetu cha uuguzi, huko Kampemba mjini Lubumbashi, kuna mtihani mmoja usio na huruma: hesabu ya dozi. Masomo mengine ukipata kumi na mbili juu ya ishirini unatembea kifua mbele. Huu lazima upate ishirini juu ya ishirini. Ukipata kumi na tisa, huvai koti jeupe, huendi staji, mazoezi ya kazi hospitalini. Unangoja mwaka ujao ujaribu tena. Walituambia kwamba hakuna mgonjwa anayekufa nusu. Niliposikia hivyo niliinua mkono nikauliza kama walimu nao hufanya mtihani huo. Tangu siku hiyo wenzangu walianza kuniita philosophe.

Hawakukosea sana. Niliingia uuguzi nikiwa tayari na shahada ya falsafa, ambayo ilinifundisha kuuliza maswali bila kunionyesha nani angenilipa kwa kuyauliza. Mama alivumilia, kisha akasema watu hawataacha kuugua. Ndiyo hoja pekee ya nyumbani kwetu ambayo sijaweza kuipinga. Wiki ya mtihani koti langu lilikuwa limeshashonwa, limepigwa pasi, na kuonyeshwa kwa kina mama wote wa parokia. Kushindwa kwangu kungekuwa kushindwa kwa parokia nzima.

Mwalimu wa hesabu tulimwita CT, yaani chef de travaux, cheo kilicho juu ya msaidizi na chini ya profesa, mahali ambapo mtu anaweza kuzeekea. Alikuwa mtu nadhifu sana, na aliamini vitu halisi. Hakubuni maswali. Alikusanya chupa tupu za dawa, akanakili lebo zake kama zilivyo, bila kuongeza wala kupunguza alama. Hapo ndipo shida ilipoingilia.

Dawa nyingi za Lubumbashi hupanda kwa malori kutoka kusini, kupitia Zambia, na lebo zake ni za Kiingereza. Sisi tumesoma kwa Kifaransa. Kwetu mkato, virgule, hutenga namba nzima na vipande vyake: 1,5 ni moja na nusu. Kwa wenzetu wa Kiingereza mkato hutenga maelfu. Kwa hiyo chupa ikiandikwa 1,000 mg, wao wanasoma miligramu elfu moja. Sisi tunasoma miligramu moja, yenye sifuri tatu za mapambo.

Swali la mwisho lilisema hivi: chupa ina 1,000 mg ndani ya mililita kumi, mgonjwa apigwe sindano ya 250 mg kwenye tako, ni mililita ngapi?

Mambo ya mkato wa Kiingereza sikuyajua wakati huo. Nilikwama kwenye zile sifuri tatu. Nani anapoteza wino kuandika sifuri zisizo na kazi? Nikafanya hesabu kama ilivyoandikwa, nikapata mililita elfu mbili na mia tano. Lita mbili na nusu. Nikajitazama nilivyokaa kwenye benchi, nikaona sitoshi. Nikaisoma ile namba kama elfu moja, nikaandika 2,5 ml.

Matokeo yalipobandikwa, darasa lote lilikuwa na ishirini. Mimi nilikuwa na kumi na tisa.

Nilimkuta CT katika chumba cha mazoezi, wenzangu wakinifuata nyuma kuona mchezo.

"CT, jibu yangu iko juste, haina kosa."

"Virgule ni virgule," CT alisema. "Tangu primaire. Njo weye utaibadirisha leo?"

"Miye nauliza tu. Ile lita mbili na nusu itaingia fasi gani ya tako?"

CP wetu, chef de promotion, yaani kiongozi wa darasa, dada wa familia ya wafanyabiashara kutoka Kasai, akajibu kabla ya mwalimu. "Philosophe, balikuuliza hesabu. Habakukuuliza fasi."

Watu wakacheka. Lakini CT, kwa kuwa aliamini vitu halisi, alimpa CP bomba la sindano la mililita kumi na ndoo ya maji, akamwelekeza kwa mannequin, yule mgonjwa wetu wa plastiki. Alikuwa amebaki na tako moja zima. La pili lilikwisha kwa kuchomwa na madarasa yaliyotutangulia.

"Fanya vile uliandika," CT alisema.

CP akavuta, akachoma. Akavuta tena, akachoma tena. Baada ya muda maji yakaanza kutoka kwenye goti la mannequin.

"CT, mugonjwa anavuja."

"Ulisha kufika wapi?"

"Hata nusu lita bado."

"Mumupeleke kwanza toilette," mtu alisema nyuma.

CT hakucheka. Alichukua ile chupa tupu aliyonakili swali, akaisoma huku midomo ikitembea, kisha akampigia simu mfamasia aliyempa. "Confrère, ile chupa... Mille? Elfu nzima? Ah. Bien. Merci." Akaketi kwenye kitanda cha mgonjwa.

Furaha yangu ilidumu hadi CP alipomaliza kufikiri. "Donc shiye bote tumeanguka?"

Kama jibu langu lilikuwa sawa, hakuna mwingine wa kwenda staji. Wote wakanigeukia.

"Yaya," CP alisema. Ghafla nilikuwa kaka mkubwa. "Yaya, si unaweza kusema swali njo ilikuwa na makosa?"

"Swali haikuwa na makosa. Njo nyiye mulikuwa nayo."

"Basi utaenda weye peke. Garde ya usiku, zamu yote, weye peke. Bassin ya mikojo ya bagonjwa bote, weye peke kubeba."

Hoja hiyo sikuwahi kukutana nayo katika falsafa.

CT akasimama, akajipangusa suruali. "Question annulée," akasema, yaani swali limefutwa. "Kila mutu anapata point yake."

Wenzangu wakatoka wakipigana mabega kwa furaha. Nikamfuata CT kwenye korido.

"CT, miye sitaki point ya annulation. Andika jibu yangu iko juste."

"Cote yako iko ishirini. Unataka nini tena?"

"Ishirini yao na yangu si moja."

"Sikiya," akasema, si kwa hasira. "Nikiandika yako juste, ya bale bote inakuwa faux, na corrigé yangu ya kusahihishia pia. Unataka staji, ao unataka haki?"

Nikamwomba nifikiri hadi Jumatatu.

"Jumatatu njo staji inaanza."

Nikasema staji. Niliisema kwa sauti ndogo, na CT, kwa wema, hakunilazimisha kurudia.

Jumatatu nilipangwa na CP katika wodi ya watoto. Muuguzi mkuu akatupa chupa ya kwanza, akatuonyesha mtoto mmoja aliyekuwa ameshaanza kulia kwa kutuona tu. CP alishika bomba la sindano, lakini hakuvuta. Alinisogezea chupa, akaweka ukucha chini ya mkato kwenye lebo, akangoja niseme.