Nilivyonyoosha kiganja kuomba kibao cha choo mbele ya wadau wa biashara huria, Kajiado

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, huku kwa vumbi na upepo.

Hii ninayowaletea sikuhadithiwa, ilinipata mimi mwenyewe. Majina ya kampuni na ya watu nimeyaacha. Bado naishi hapa, na najua kuna wenye wanasoma humu kimya kimya bila kuandika. Nyinyi pia salamu.

Mwenye anatafuta uzi wa mapenzi apite tu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka kwetu Vihiga, nikapata kazi ya kushona kwa kiwanda kimoja cha nguo za kupeleka nje, huku upande wa zone, eneo la viwanda vya aina hiyo. Jeans tupu. Mimi nilikuwa naweka mifuko ya nyuma, dada mmoja Mkamba, hapa nitamwita Nduku, alikuwa mashine ya pili kutoka yangu, anaweka zipu. Tulikuwa majirani pia, plot moja hapa Kitengela.

Contract ilikuwa ya miezi michache michache. Ikiisha unangoja kuona kama utaitwa tena. Na sheria moja haikuandikwa popote ila kila mwanamke aliijua: ukionekana na tumbo, huitwi.

Mimi nilikuwa na mimba. Nilikuwa najifunga leso kwa tumbo, juu yake koti la kazi. Mwenye alijua ni Nduku peke yake.

Sasa niwaeleze kibao, maana bila kibao hamtaelewa kitu.

Kila line, yaani safu ya mashine, ilikuwa na kipande kimoja cha mbao, kimepakwa rangi nyekundu na kuandikwa namba ya line. Ukitaka kwenda choo lazima uwe nacho mkononi. Askari wa mlangoni akikuona bila kibao anakurudisha. Kwa hiyo line nzima, mtu mmoja tu anaweza kuwa chooni.

Zamani kilikuwa kinaning'inia kwa msumari. Halafu supervisor wetu, tulimwita Supa, akaona tunakichukua ovyo, akaanza kukiweka kwa mfuko wa koti lake. Na mashine zina kelele, hakuna kuongea. Unaenda tu mbele yake, unanyoosha kiganja. Kama kiko, anakitoa, anakuwekea mkononi bila hata kukuangalia. Kama hakiko, anatikisa kichwa, unarudi kukaa.

Wenye mmewahi kubeba mimba mnajua hiyo ni adhabu gani.

Basi siku moja nikaitwa ofisini kwa Madam wa Personnel. Nikasema moyoni Nduku ameniuza, kikulacho ki nguoni mwako.

Kumbe haikuwa hiyo. Madam alikuwa anacheka na mimi, akaniambia nikae. Hapo ndipo niliogopa zaidi, kwa sababu mtu wa ofisi hakuwa ameniambia nikae tangu niandikwe.

Akaniambia serikali inajitayarisha kwenda kuzungumza na nchi za nje mambo ya biashara huria. Kabla ya kwenda wanataka kusikia maoni ya wadau, wenye biashara na wafanyakazi. Mkutano ni Kajiado. Kampuni imenichagua niseme kwa niaba ya wafanyakazi.

Nikauliza, kwa nini mimi?

"Wewe ni mtu wa kanisa, na uko na Kiswahili mzuri," akasema. Halafu akaongeza pole pole, "Na contract yako si inaisha mwisho wa mwezi?"

Wakuu, mimi si msomi, lakini hiyo nilielewa.

Wiki nzima alinifundisha. Nisimame wima. Niseme kazi ni nzuri, hatuna malalamiko, tunaomba tu soko lisifungwe. Nilikubali. Sitajitetea hapa, kazi ndiyo ilikuwa inalipa nyumba na ndiyo ingelea mtoto.

Lakini kila kitu kilininukia. Choo chetu kikawekwa sabuni na tissue, kwa sababu wageni kutoka hizo nchi za nje, waliokuja kusikiliza mkutano, wangepitia kiwandani kwanza. Mgeni njoo mwenyeji apone, kweli, lakini wageni walipoondoka sabuni nayo ikaondoka.

Siku ya mkutano tulipelekwa na gari la kampuni. Mimi, Madam, bosi mwenyewe, na Supa. Supa alitolewa line mbio mbio, hata koti hakubadilisha. Nikajiuliza huyu anakuja kufanya nini. Nikaona amekuja kunichunga.

Ukumbini tukapewa soda na samosa. Kiwandani kwetu hata maji ya kunywa tulibeba kutoka nyumbani, leo nabembelezwa na soda. Nilijua kuna jambo, lakini jua la Kajiado mnalijua. Nikanywa moja, nikanywa na ya pili.

Watu wakaanza kusema. Mwenye shamba la maua akasema mkataba usiposainiwa haraka, maua yake yatatozwa ushuru huko nje na atafukuza watu. Mzee mmoja mwenye biashara ya ngozi akasalimia ukumbi kwa Kimaasai, "Sopa!", tukaitikia, akasema yeye anaogopa vitu vya bei ya chini vitamwagwa hapa na ngozi yake itaozea store. Nilimwamini huyo kuliko wote, maana alikuwa amekasirika kweli.

Bosi wetu naye akasema hizo nchi zinataka kuweka haki za wafanyakazi ndani ya mkataba kama mtego. Kosa dogo tu, zinatufungia soko, wanunuzi wanahamia Asia, na hawa wasichana wanarudi kwao. Akaninyooshea kidole.

Na mniamini, nilifikiri labda ni kweli. Wageni wenyewe sikuwaamini. Mtu ametoka mbali hivyo kunihurumia mimi, kwa nini?

Nikaitwa. Nikasema yote vile nilifundishwa. Wakapiga makofi. Madam alinitabasamia mpaka magego.

Nikarudi kukaa. Na hapo soda ikafika.

Nilivumilia. Mtu alikuwa mbele anaongea mambo ya ushuru, haishi. Mwishowe nikasimama. Mlango ulikuwa hapo tu upande wangu wa kushoto, wazi, hauna askari. Lakini miguu yangu haikwenda mlangoni. Ilienda mbele, mpaka kwa kiti cha Supa.

Nikanyoosha kiganja.

Na Supa, macho yake yakiwa bado kwa msemaji, akatia mkono mfukoni, akatoa kibao chekundu, akaniwekea mkononi.

Ukumbi mzima ukageuka kututazama. Mimi na yeye ndio tulikuwa wa mwisho kuelewa tulichofanya. Alikitazama kile kibao kama kitu kimeokotwa njiani.

Mama mmoja kati ya wageni, alikuwa na koti la kijani, akauliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Hiyo ni nini?"

Madam akawahi. "Ni kitu ya usafi tu, mambo ya ndani ya kiwanda."

Hapo, wakuu, nilikasirika. Si kwa ushujaa. Nilikuwa nimebanwa, na huyu mtu anasema usafi.

"Madam, hii si ya usafi," nikasema. "Hii ni ruhusa ya kukojoa. Line nzima iko na moja. Na mimi niko na mimba, nimejifunga leso ndio msijue, na saa hii siwezi ngoja."

Nikatoka nacho mkononi. Chooni nilicheka mpaka nikalia, nikishikilia kile kibao kana kwamba kuna mtu angeniuliza.

Nikirudi nikakuta yule mama wa kijani anaandika kwa furaha. Akaniomba akipige picha. Furaha yake haikunipendeza hata kidogo. Niliona bosi hakudanganya kila kitu, huyu naye amepata silaha yake. Akasema watafuatilia. Mpaka leo sijasikia.

Jumatatu yake vibao vyote viliondolewa kiwanda kizima. Wasichana walinikumbatia. Nduku alilia, nami nikaona aibu kwamba nilimshuku.

Mwisho wa mwezi sikuitwa. Madam aliniambia kwa upole sana, orders zimepungua.

Nilijifungua msichana. Siku Nduku alikuja kumwona, nikamuuliza habari za kiwanda. Akasema choo sasa kimewekwa kufuli, na ufunguo uko kwa Supa. Wameufunga kwa kipande cha mbao, usipotee.

Siku hizi mimi na Nduku tuko na duka letu la kushona uniform, karibu na soko. Kile kibao sikukirudisha, tunakitumia kuzuia mlango upepo ukivuma. Wasichana wetu wa kazi wanatoka na kuingia bila kuniuliza.

Funzo langu ni hili. Ukichaguliwa kuwa sauti ya wengine, uliza nani amekuchagua na anataka kumwambia nani. Maneno unaweza kufundishwa kwa wiki moja. Mkono ukishazoea, ni kazi nyingine.

Maana Jumapili iliyopita nilikuwa kanisani, nikataka kutoka. Nikajikuta nimesimama mbele ya mzee wa kanisa, nimemnyooshea kiganja. Maskini, akanisalimia.

Haya, wenye mlifanya kazi huko zone, jitokezeni. Kwenu kilikuwa rangi gani?