Nukta Ukingoni mwa Kiini

Mtafiti mmoja alikaa gizani mbele ya hadubini, kidole gumba juu ya swichi ya taa yake, akiibembeleza seli kama mtoto mgonjwa. Nukta inayong'aa ndani ya kiini ni RNA, nakala ya maagizo ya jeni. Ikishaondolewa vipande visivyohitajika na kuungwa upya, hutoka nje ya kiini kufanya kazi. Katika seli hizi zenye ugonjwa ilikuwa haijawahi kutoka, na dawa aliyokuwa akiijaribu siku hiyo ndiyo ya mwisho aliyobaki nayo. Nukta ilifika ukingoni, ikaganda.

"Dada, acha taa iwake tuone!" mwenzake aliyesimama nyuma yake alisihi.

"Mwanga mwingi utaiua seli, mdogo wangu. Unataka kuona, au unataka itoke?"

Akazima. Walikaa wakisikiliza feni. Alipowasha, nukta ilikuwa nje. Alisogea, akampisha mwenzake kiti. "Haya, mwenye haraka, njoo uone."