Farasi wa Pumba

Watu wanadhani mzazi akishaweza kubeba ndoo kichwani basi amepona. Mimi nimebeba ndoo, nimebeba kuni, nimebeba mpunga na mtoto yuko mgongoni, na siku niliyopanda farasi tena mapaja yalitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi ile. Nguvu za kubeba ni za shingo na mgongo. Farasi anataka mapaja, tumbo na kiuno. Hakuna aliyenieleza hilo, kwa sababu pale nilipokuwa nakaa hakuna aliyetaka nirudi juu ya farasi.

Kazi yangu ilikuwa kuongoza wageni kwa farasi porini, kwenye shamba moja nje ya Iringa mjini. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza pale kwa kuzoa mavi bandani, nikaishia mbele ya msafara, mwanamke peke yangu, juu ya farasi jike mwekundu ambaye wenzangu walikuwa wanamwogopa. Mimba ilipoonekana nikashuka. Meneja, Mhehe mwenzangu, akasema nafasi yangu ipo, nijifungue salama, nirudi.

Nilijifungua kwa upasuaji. Mume wangu ni fundi wa malori pale Iyunga, Mbeya. Akasema yeye hawezi kulea mzazi, nikae kwa mama yake Ubaruku miezi mitatu tu. Nikakaa mpaka mtoto akawa anakimbiza kuku.

Wakwe zangu ni Wanyakyusa waliohamia Ubaruku kufuata mpunga. Baba mkwe ana mashine ya kukoboa palepale uani. Na kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani. Namaanisha hawaonani kweli. Akija njia hii mimi napita ile, na kama njia ni moja nachutama, nageukia ukutani, nafunika uso na kanga mpaka apite. Yeye naye ana adabu yake: anakohoa kabla hajatokea. Kikohozi kikavu, mara mbili. Kwetu Uheheni wakwe tunawaheshimu, ila hatuwakimbii kama radi.

Sasa mashine iko uani, jiko liko uani, bomba liko uani, choo kiko uani. Mzee alikuwa anakohoa kutwa nzima. Nimechutama na sufuria ya moto mkononi. Nimechutama mtoto akinyonya. Nimechutama na sabuni machoni, mshono unavuta kama mtu anafungua zipu. Nikilalamika, mama mkwe ananiambia hata yeye alichutama miaka yote mpaka mkwewe alipokufa. Alikuwa anasema kwa raha kabisa, kama mtu aliyesubiri sana zamu yake ya kukaa kwenye kigoda na kutazama.

Mvua zilipokaribia kukatika, meneja alinipigia. Wageni wanaanza kuja, farasi wangu amepewa mwanaume mmoja wa Mafinga ampande kwa muda, na nisipotokea kabla ya msimu, ule muda utakuwa wa moja kwa moja. Nilimwambia nakuja. Nilipokata simu nikajaribu kubana mapaja pamoja, nikaona hayana kitu ndani. Tumbo ndiyo usiseme, mkate uliolowa chai.

Nyuma ya jiko kulikuwa na magunia ya pumba kutoka mashineni. Nikalaza kinu kikubwa ubavu, nikakiwekea vigingi kisizunguke, nikatupia gunia juu yake. Hilo likawa farasi wangu. Kila mchana mama mkwe akijilaza, navaa suruali yangu ya zamani ndani ya kanga, nakaa kwenye gunia miguu huku na huku, nabana, nainuka, nakaa, bila kushika kitu. Mtoto alikuwa anacheka na kupiga makofi. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa natokwa jasho, natukana kimoyomoyo, na polepole mapaja yakaanza kurudi.

Siku moja mashine ilikuwa inanguruma sana, sikusikia kikohozi. Baba mkwe akatokea kwenye kona. Mkamwana wake yuko juu ya gunia, kanga imepanda mpaka mapajani, suruali nje. Nilijitupa chini kifudifudi, uso ndani ya pumba, nikabaki hapohapo mpaka nilipopiga chafya.

Mume wangu akaitwa kutoka Mbeya. Mwaka mzima mtoto akiumwa anakosa nauli na nafasi, ila kwa gunia alifika kesho yake. Mama mkwe akasema nimemvua nguo mzee wake. Mume wangu hakuuliza nilikuwa nafanya nini. Aliniambia, "Farasi, farasi. Farasi atakunyonyeshea mtoto?"

Baba mkwe hakuruhusiwa kuingia tulipokaa, wala kusema na mimi. Akasimama nje ya dirisha, akamwita mwanangu, na kwa sauti ya kunifikia akamwambia, "Mjukuu wangu, mwambie mama yako pumba ni chakula cha nguruwe."

Wote wakacheka. Mume wangu akacheka kuwazidi, mpaka akajifuta macho. Kicheko kile ndicho kilichonipandisha basi. Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda kwa mama yangu mzazi Iringa, na sikumuaga mtu.

Pale shambani meneja hakunibembeleza. Akanipa farasi mmoja mzee, jioni kazi zikiisha, na akaning'olea vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, ili nikae kwa mapaja yangu mwenyewe. Nilikuwa narudi nyumbani natembea kama bata. Mama ananikanda kwa maji ya moto na kunisema, ananisema na kunikanda. Maumivu yale sikuyachukia. Maumivu ya Ubaruku yalikuwa ya kunishusha, haya yalikuwa ya kunipandisha.

Ikafika siku ya kupimwa. Mimi mbele juu ya yule mwekundu, meneja nyuma yangu kama mgeni, tuteremke mpaka mtoni na kurudi. Nikifaulu, farasi ni wangu. Nikishindwa, kuna kazi ya kufua mashuka ya wageni. Tuliteremka vizuri. Tukavuka maji. Tukapanda kilima kwa mwendo wa kurukaruka na sikugusa tandiko hata kwa kidole. Mabanda yakaanza kuonekana. Ndipo vumbi likamwingia meneja kooni, akakohoa. Kavu. Mara mbili.

Mwili ulisikia kabla yangu. Kichwa kikainama, magoti yakapanda kutafuta kuchutama, mkono ukaachia hatamu ukaenda kutafuta kanga ya kufunika uso. Juu ya farasi. Naye alipoona nimemlalia shingoni akadhani naomba mbio, akaruka. Nilipofumbua macho nilikuwa natazama mawingu.

Meneja aliniuliza kama nimeumia, nikasema hapana. Akauliza basi nini kimeniangusha, maana nguvu anaziona zipo. Nikamweleza. Mwanzo alidhani namtania, halafu akavua kofia.

"Dada, wageni watakohoa," akasema. "Vumbi lote hili, watakohoa wote. Nitakupaje msafara?"

Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa nimerudisha mapaja, nimerudisha tumbo, na kumbe wakati natafuta nguvu kwenye gunia, uani pale walikuwa wananifundisha kitu kingine, kila siku, bure. Nililia kwa hasira, siyo kwa kujihurumia. Nikamshika farasi, nikapanda kutoka chini bila kusaidiwa.

"Kohoa," nikamwambia.

"Nini?"

"Kohoa kama mzee. Mara mbili."

Akakohoa. Nikainama. Nikamwambia tena, nikainama tena. Tukazunguka uzio, mimi mbele, yeye nyuma anakohoa kama mgonjwa wa kifua, mpishi na wafanyakazi wengine wametoka nje wanatuangalia. Mwisho shingo ilikuwa inataka kwenda, mapaja yanaikataza. Kikohozi kikapita kama sauti yoyote. Meneja akaomba maji ya kunywa.

"Jumatatu uje na buti," akasema, sauti imemkauka kweli.

Wakati wa mavuno nilimpeleka mtoto Ubaruku akasalimie. Nilikuwa bombani nakinga maji, kikasikika kile kikohozi nyuma ya mashine. Magoti yakakumbuka. Nikayabana, nikabaki nimesimama, uso wazi. Mzee akatokea, akaniona. Akageukia ukutani, akajifunika uso kwa kofia yake, akasubiri. Nikapita na ndoo yangu. Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jiko, akavuta kigoda chake kunipisha.

Mume wangu hajanipigia simu tangu siku hiyo. Nasikia anawaambia watu Iyunga kwamba nimeharibika. Aseme. Mimi kesho nina wageni, na yule mwekundu ukimwinamia tu anaondoka mbio, kwa hiyo siinami.