Sauti Iliyomhukumu Dada Yangu Ilikuwa Yangu

Admin, ficha jina langu na la kanisa langu. Mengine yaache yalivyo.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, Mkenya, nina mke na watoto wawili. Naishi Grand Prairie, hapa Marekani, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Kanisani kwetu Fort Worth mimi ndiye mtafsiri. Pasta akihubiri kwa Kiingereza nasimama kando yake naweka kwa Kiswahili, kwa sababu wengi wetu ni Wakongo, na kuna wazazi wa Kikenya waliokuja uzeeni.

Nina dada mmoja tu, nitamwita Rehema. Ni nesi, anaishi Pearland, karibu na Houston, na ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii. Nilikaa kwake miezi minane. Wakati huo alikuwa tayari anaishi na Denise, Mmarekani, na nilijua vizuri kwamba hawakuwa marafiki wa kugawana nyumba. Denise ndiye aliyenifundisha ku-drive, kwa uvumilivu ambao mimi sina hata kwa watoto wangu. Walipooana kortini sikwenda. Nilisema nina zamu kazini. Sikuwa na zamu.

Baadaye Denise alipatikana na uvimbe kichwani, akapasuliwa. Niliendesha masaa manne kwenda kukaa na dada yangu hospitalini. Daktari alitoka akauliza nani ni familia ya mgonjwa, kuna uamuzi wa kufanya haraka. Rehema akasimama, akasema, "Mimi ni mke wake." Hakuna aliyebishana naye. Wakamwingiza ndani, akatia sahihi, na Denise yuko hai. Niliyaona hayo kwa macho yangu, ndiyo maana sina kisingizio.

Sasa kuna hii kura ya jimbo letu ya kupiga marufuku ndoa za jinsia moja. Pasta aliniita ofisini. "Ndugu yangu, watu wetu wamepata uraia lakini karatasi ya kura hawaielewi. Waeleze kwa Kiswahili, urekodi, tuisambaze WhatsApp." Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wale wanaotarajiwa kufanywa wazee wa kanisa. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Maneno niliyopewa yalikuwa makavu, na mimi nimezoea kuyatia ladha maneno ya wengine. Nikaongeza langu: "Piga kura ya ndiyo, hata kama anayeumia ni dada yako wa tumbo moja. Ukweli hauna undugu." Pasta alifurahi sana. Ndani ya siku mbili sauti hiyo ilikuwa imezunguka Dallas yote, Houston, mpaka Nairobi. Huenda hata wewe unayesoma hapa uliwatumia wenzako.

Rehema alinipigia Jumapili mchana, nikiwa kwenye parking ya kanisa na familia yangu ndani ya gari. Hakulia wala hakupandisha sauti.

"Hayo ya dada wa tumbo moja, uliandikiwa ama uliyatoa kwako?"

Nikasogea mbali na gari.

"Nilikuwa jikoni nikiisikiliza, Denise akatambua sauti yako. Akafurahi, akaniuliza unasema nini. Unajua nilimwambia nini?"

"Ulimwambia nini?"

"Nilimtafsiria. Neno kwa neno, kama wewe unavyofanya huko kwenu."

Akakata simu. Nimempigia tangu siku hiyo, hashiki. Mke wangu aliniuliza ni nani, nikasema ni watu wa kazini.

Nilimwomba pasta aiondoe ile sauti. Akaniambia, "Neno likishatoka ni la Bwana, si lako tena." Basi Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nikashika maikrofoni nikasema kwa Kiswahili kwamba niliwapotosha, kwamba mimi nitapiga kura ya hapana, na kwamba hiyo karatasi ya ndoa wanayotaka kuifuta nimeiona ikiokoa mtu. Sikumaliza. Maikrofoni ilizimwa. Watu walinitazama kama mlevi aliyeingia msibani. Mama mmoja Mkongo, mjane, ndiye peke yake aliyenifuata nje. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mi naogopaka kura za namna hii. Kwetu nako ilianzaka vile, kuuliza nani ni mtu wa hapa na nani hapana. Kisha tukakimbia." Akarudi ndani.

Jina langu limetolewa kwenye orodha ya wazee. Pasta anataka Jumapili hii niombe kanisa msamaha, la sivyo nisitafsiri tena. Mke wangu, ambaye sasa anajua kila kitu, anasema niombe tu, watoto wetu wamekulia pale. Nimemwambia siombi. Hilo nimeshaamua.

Kinachonila ni kingine. Dada yangu alinitumia ujumbe mmoja tu: "Usiniombe msamaha mimi. Waombe waliokusikia." Nimeshaandaa sauti nyingine, nikieleza kwamba yule dada wa tumbo moja yupo kweli, ameolewa, na nilimuuza nipate kiti mbele ya kanisa. Bila hilo watu watasema nimehongwa au nimetishwa. Lakini nikilitamka, Wakenya wote wa Houston watajua ni nani. Na mama yetu nyumbani, ambaye miaka yote anadhani Denise ni mwenye nyumba, atalisikia kwenye simu ya jirani. Nimemuuliza Rehema kama ananiruhusu. Amesoma, hajajibu.

Kura imekaribia na sauti yangu ya kwanza bado inatembea. Nikikaa kimya, nimemhukumu mara moja. Nikisema, huenda nikamhukumu mara ya pili, bila ruhusa yake tena. Ninyi mlioipokea ile ya kwanza mkaipeleka mbele, mnishauri kwa ukweli: hii ya pili niitume, ama nisubiri jibu ambalo pengine haliji?