Nilikwenda Tabora kurekodi albamu yangu, nikampoteza mtani wangu

Wakuu, salaam. Wazee wenzangu shikamooni, vijana marahaba hata kama hamjaniamkia.

Hii siyo chai, siyo stori ya kutunga. Anayetaka chai nyuzi zake zimejaa humu, aende huko. Naandika yaliyonikuta mwenyewe, na yananiuma mpaka leo.

Mimi ni Mzaramo, mwimbaji wa dansi wa zamani. Magoti yameanza kugoma ila sauti ipo. Bendi yetu ilikufa kitambo, nikaamua nitoe albamu ya peke yangu, nyimbo kumi, kabla sijaitwa marehemu.

Dar nilijaribu studio mbili. Wanakuwekea midundo ya kompyuta halafu wanakwambia "mzee wewe imba tu". Nikachukia. Nilikuwa nataka gita la Maganga.

Maganga ndiye alikuwa mpiga solo wetu. Mnyamwezi wa Igalula, bendi ilipokufa akarudi kwao, sasa anaishi Tabora mjini.

Huyu ni mtani wangu. Kwa wasiojua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wanatembea na mizigo kichwani kutoka Tabora hadi pwani. Mtani anakutukana anavyotaka. Hata msibani anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

Miaka thelathini, kila Maganga akinipigia anaanza hivi: "We mwizi, hujafa tu? Rudisha wimbo wangu!"

Namjibu, "Mpagazi we, beba mzigo, nyimbo waachie wenye sauti."

Tunacheka, tunaulizana hali za watoto, tunaagana.

Basi nikapanda treni. Studio ipo njia ya kwenda Kipalapala, ya jamaa mmoja anayerekodi kwaya za kanisani, kuta zote kazipiga magodoro. Siku nne mambo yalikwenda vizuri mno. Vidole vya Maganga ni vile vile vya ujana. Mkewe anatuletea michembe ya karanga, mimi nalalamika kwamba Wanyamwezi wananilisha viazi vikavu kama soli za viatu, shemeji anacheka mpaka anakaa chini.

Siku ya tano tukafika wimbo wa kumi.

Huo ndio ulionipa jina. Wengi humu wazazi wenu wameucheza kwenye harusi. Ndani yake namwamsha Mwantumu asubuhi, namwambia maji ya kuoga tayari. Maharusi wanaupenda sana.

Maganga akalaza gita kwenye begi lake.

"Huu siupigi."

Nikajua ni utani. Nikasema kwenye maiki, "Mpagazi kachoka, mpeni uji." Prodyuza akacheka. Nikaendelea, maana mtani akinuna ndiyo unazidisha, tumelelewa hivyo. Nikamsema yeye, nikamsema na babu yake. Nilipoinua macho namwona mzee mzima analia.

Akasema taratibu, "Kondo, dada yangu alikuwa anaitwa Kabula."

Wakuu, nikaiachia maiki.

Ngoja niwarudishe nyuma. Tulikuwa ziarani Lindi, Maganga akaletewa habari kwamba dada yake amefariki kwa uzazi kule Igalula, na wameshamzika. Akautunga wimbo ule gesti, amekaa kitandani. Anamwamsha dada yake. Kila akijaribu kuuimba sauti inakatika, akanifundisha mimi, akaniomba nimwimbie.

Nikamwimbia. Lakini siku ya kurekodi redioni nilikuwa nampenda binti mmoja wa Kisarawe, jina lake Mwantumu, nikabadilisha jina pale pale. Mtangazaji akauliza mtunzi nani. Nikajitaja.

Maganga alikuwa amesimama nyuma yangu na gita lake. Tulipotoka nje akaniambia, "We mwizi." Nikacheka. Mtani huyo, atasema nini kingine?

(Huyo Mwantumu mwenyewe aliolewa na dereva wa lori. Hata salamu hakunipa.)

Turudi studio. Badala ya kuomba radhi nikapandisha hasira. Nikamfokea, "Miaka yote hii, kwa nini usiniambie kiutu uzima?"

"Nilikuwa nakwambia kila nikikupigia," akasema. "Wewe ulikuwa unacheka."

Nikamwambia nitaandika jina lake, nitamrudisha Kabula kwenye wimbo, nitatangaza kwa watu. Akatikisa kichwa.

"Watu wameshamcheza kwenye harusi miaka yote hiyo. Utamtoa wapi?"

Akachukua begi lake akaenda zake.

Kesho yake nilijaribu kuuimba kwa jina la Kabula, mimi na prodyuza tu. Mstari wa pili nikashindwa. Albamu imetoka na nyimbo tisa. Watu wananiuliza ule wimbo uko wapi, naona aibu kuwajibu, ndiyo maana nimekuja kuandika hapa.

Somo langu ni hili. Utani ni kitu kizuri na sitaki ufe. Lakini mtani wako akirudia neno lile lile miaka nenda rudi, siku moja acha kucheka umuulize. Na nisijifanye mjinga mbele yenu. Moyoni nilijua. Niliendelea kucheka kwa sababu kicheko kilinifaa.

Wiki iliyopita nimempigia kumwambia albamu imetoka. Akapokea.

"Habari za siku nyingi, bwana Kondo. Hongera kwa kazi. Wasalimie nyumbani."

Kwa adabu zote, wakuu. Nikasubiri aniite mwizi, akanitakia siku njema.

Haya, uwanja ni wenu. Wanyamwezi mliomo humu nisaidieni, mtani akianza kukuheshimu namna hii, unamwombaje radhi? Na anayetaka kunitukana asijizuie. Mwenye haki ya kunitukana ameacha.