Begi la Mama la Kwenda Kuimba

Juzi nilimwona mama kwenye televisheni akipokea tuzo ya mwimbaji bora wa kike wa muziki wa kantri, kofia ya pama kichwani, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu Albert Park, mtaa wa ugenini tulikokimbilia.

Chumba chetu kilinuka samaki wa chumvi na mafuta ya nywele aliyorudi nayo mama kutoka saluni. Alikuwa akifunga begi: gauni, viatu, karatasi zetu za ukimbizi. Aliimba polepole habari za mtu anayeiacha nyumba yake. Tangu tulipotoka Kongo, nilijua mama akifunga begi tunakimbia tena, na mtoto haulizi. Nilivaa nguo zangu zote, moja juu ya nyingine, nikakumbatia sufuria na kukaa mlangoni, jasho likinitiririka, nikisikiliza vishindo kwenye ngazi.

Mama aligeuka, wimbo ukamkatikia mdomoni.

"Maman, askari iko wapi?" nilinong'ona.

"Hakuna askari, mutoto wangu. Naenda tu kuimba, pale Overport. Iko mashindano."

Sikumwamini. Alinipeleka huko hivyo hivyo nilivyokuwa, na sufuria yangu.

Siku hizi huimba katika miji ya mbali. Kila akinipigia kusema anafunga begi, namtakia safari njema, huku macho yakitafuta sufuria iko wapi.