Siku Nilipomchagulia Bibi Harusi Gari la Mbio

Kosa langu la mwanzo lilikuwa hili: niliambiwa nichague gari la kumbebea bibi harusi, mie nikachagua gari la kuendesha. Kila aibu iliyofuata siku ile, kuanzia kupigwa kibao cha kichwa mbele ya watu wa Keko mpaka kushukuriwa kama mpita njia kwenye harusi ya dada yangu wa tumbo moja, ilitokana na hilo, na nimejaribu mara nyingi kuitafutia sababu nyingine (jua, rejeta, serikali) lakini sijaipata. Ni mie.

Kwanza mnijue. Mie ni mtu ambaye nikishafunga skrubu huwa naifungua tena ili nihakikishe kwamba nilikuwa nimeifunga. Ufundi wa magari sikuusomea popote. Niliingia gereji ya Mzee Mbwana pale Kinondoni nikiwa mfagiaji, na mengi niliyoyajua niliyatoa kwenye magazeti ya magari ya Kiingereza yaliyosahauliwa chini ya viti, nikayasoma kwa kamusi neno baada ya neno, hadi nikawa naweza kukueleza namna ya kukata kona za milima ya Ulaya wakati mwenyewe nilikuwa sijafika mbali kuliko Kibaha.

Sasa pale gereji, nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na magari matatu ya wazi, yale ya spoti yasiyo na paa gumu, ambayo wenyewe, wazungu, walirudi makwao baada ya mambo kubadilika nchini wakamwachia Mzee Mbwana ayauze. Hakuna aliyekuwa anayanunua. Nani anunue gari la watu wawili wakati ana ndugu kumi na mmoja? Lakini mie nilikuwa nayapenda kama watoto wangu, na kila moja nilikuwa nalijua tabia yake. Jekundu la Kiitaliano lilikuwa na injini ndogo yenye sauti ya kuimba, la mtu asiyechoka kubadilisha gia, ukilidekeza linazima. Jeupe la Kijerumani lilikuwa zito na laini, viti vipana kama makochi na nyuma kibenchi cha kukaa watu wawili, la mtu anayetaka kupita polepole aonekane. Na lile la kijani la Kiingereza lilikuwa fupi, gumu, la viti viwili tu, umekaa chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaokota kokoto, na kila jiwe la barabarani unalisikia mgongoni. Hilo ni la mtu anayependa kuendesha. Magazeti yote yalikuwa yanalisifu.

Dada yangu Zaituni akaposwa na Shomari, kijana wa Kinondoni, mwenyeji kabisa wa mji huu, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo. Sie ni watu wa kusini tuliokulia Temeke, kwa hiyo siku walipokuja kwetu kuchukua majibu ya posa utani ukawa mwingi, na shangazi yake Shomari akauliza kwa sauti ya kufika mtaa wa pili kama bibi harusi wetu atakuja na basi, amesimama, ameshika bomba. Watu wakacheka. Zaituni mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, na nilimwona alivyoinamisha kichwa. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kaka mkubwa ni mie, na wa kumfikisha kwa mumewe ni mie. Nikasimama mbele ya wazee nikasema dada yangu atakuja kwa gari la wazi, Kinondoni nzima imwone. (Sikuwa nimemwomba mwenye magari.)

Mzee Mbwana alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Alisema chagua unalotaka, ila lirudi safi, na lirudi kabla ya saa nane, kwa sababu mnakumbuka ile shida ya mafuta, Jumapili ikigonga saa nane mchana magari binafsi yote mwisho, ukikutwa barabarani ni kesi. Akaongeza, "Harusi chukua jeupe, Athumani." Nikamweleza kwa heshima zote kwamba jeupe ni gari la mtu asiyejua kuendesha. Akanitazama, akaenda zake kuswali.

Jumapili ile niliamka nikaling'arisha la kijani, nikamaliza, nikaona alama ya kidole, nikaanza upya. Nilikuwa pia nimejishonea glovu za ngozi kutokana na mabaki ya ngozi za viti, kwa sababu madereva wote magazetini walikuwa wamevaa. Nilipofika Temeke watu walishaswali adhuhuri na wananisubiri. Ndoa ilikuwa imefungwa asubuhi, kilichobaki ni kumpeleka bibi harusi tu.

Ndipo akatoka Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa kungwi wa Zaituni, na bibi harusi haendi kwa mumewe bila kungwi wake, jambo ambalo mtoto wa miaka mitano Temeke analijua, na mie nilikuwa nalijua, ila nilipokuwa nachagua gari halikunijia kabisa. Bi Tatu ni mwanamke wa mwili. Akalitazama gari, akanitazama mie, akatazama kiti kimoja kilichobaki.

"Athumani mwanangu, hiki kiti cha nani?"

Akakaa yeye, kwa kuwa ana goti bovu, na Zaituni akapandishwa juu ya kigongo cha nyuma, pale paa la turubai linapolazwa likikunjwa, miguu katikati yetu, amefunikwa shela gubigubi asionekane uso, maana wa kwanza kuuona ni bwana harusi na anautolea kipa mkono, zawadi ya kumfunua. Alikuwa amekaa juu kama kikombe cha ushindi. Wanawake wakapiga vigelegele, nikavaa glovu, tukaondoka.

Ningeenda taratibu yangekwisha vizuri. Lakini tulipofika ile barabara iliyonyooka ya Keko, na saa zilikuwa zimeshakwenda, nikakanyaga mafuta, nikaingiza gia ya tatu kama nilivyosoma, gari likaruka, na shela ya dada yangu ikaanza kuondoka na upepo. Bi Tatu aliidaka kwa mkono mmoja ikiwa imeshafika kidevuni, na kwa mkono wa pili akanipiga kibao cha kisogo ambacho watu waliokuwa kwenye kibaraza cha duka walikipigia makofi.

"Umebeba harusi," akaniuliza, "au umebeba samaki wa Kunduchi wanawahi mnada?"

Kuanzia hapo nikaenda kwa gia ya kwanza. Sasa gari lile lilitengenezwa kwa nchi ya baridi na kwa mwendo, linapoozwa na upepo linaoukimbilia lenyewe. Ukilitembeza kama jeneza, kwenye jua la saa saba la Dar es Salaam, na Bi Tatu ndani, linapanda joto. Mie nikawa naangalia mshale wa joto badala ya barabara. Kariakoo tukapita watu wanatupungia, mie nawaza rejeta. Tukashuka bonde la Jangwani, na pale pale chini, kabla ya kupanda Magomeni, boneti ikaanza kufuka moshi mweupe kama jiko la pilau.

Kulikuwa na vijana wanacheza mpira uwanjani. Mechi ikasimama. Wakaja wote, wameloa jasho, wakatuzunguka, na mmoja wao, mrefu, akaziangalia glovu zangu kwa muda, akaniuliza mie ni golikipa wa timu gani.

Wakaleta ndoo ya maji. Nikawazuia wasifungue rejeta ya moto, nikawaeleza kwa kirefu injini inavyopasuka ikimwagiwa maji ya baridi, kwamba lazima tusubiri, kwamba gazeti limesema wazi. Juu ya kigongo, ndani ya shela, jasho linamtoka, dada yangu akazungumza kwa mara ya kwanza tangu tuondoke.

"Kaka, na kuhusu bibi harusi, gazeti limesemaje?"

Alisema polepole, na vijana wakacheka, lakini mie nilimsikia sauti ilivyokuwa. Alikuwa anajizuia kulia. Kule Kinondoni ukumbi umejaa, shangazi yule amekaa mlangoni, na yeye yuko juani Jangwani kama kitu kinachouzwa.

Tukasubiri. Ikapoa. Nikatia maji, nikawasha, na injini ikaitika vizuri, laini, bila kikohozi, sijawahi kuisikia tamu namna ile. Nikaingiza gia. Na mbele yangu akasimama askari wa usalama barabarani, sare nyeupe, mkono juu.

"Zima, ndugu. Saa nane imepita."

Nikamwambia afande, huyu ni dada yangu, namfikisha kwa mumewe, ni hapo Kinondoni tu, dakika chache. Akasema hata yeye ana dada. Nikasema injini ilichemka. Akasema sheria haikuandikiwa injini, mafuta ya nchi ni haba na kila mwenye gari siku hiyo ana harusi au mgonjwa. Hakuwa mtu mbaya. Aliingiza mkono, akachomoa ufunguo, akauweka mfukoni mwake. Barabara ile yote ya Morogoro ilikuwa tupu, hakuna hata gari moja la kuomba msaada, na bibi harusi kutembea kwa miguu mpaka kwa mumewe, mbele za watu, Bi Tatu alisema labda wamzike yeye kwanza.

Kisha akamgeukia askari. "Baba, ukiwa umeuchukua ufunguo, mafuta yatachomekaje?"

"Hayachomeki, mama."

"Na tukilisukuma?"

Askari akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona, akaangalia mlima wa Magomeni, akamwangalia Bi Tatu alivyo, akasema kusukuma hakuna sheria.

Yule mrefu hakungoja. Akawapigia wenzake mluzi, timu zote mbili zikaja nyuma ya gari, nikatoa gia, na likaanza kutembea. Lakini mlima ulipoanza likasita, na kutoka nyuma sauti ikasema dereva naye ni mzigo, ashuke asukume.

"Nani atashika usukani?" nikauliza. Bi Tatu alisema yeye hajawahi kushika hata wa baiskeli.

Zaituni akasema, "Mie."

Sikumfundisha. Alikuwa ananiletea chakula gereji na kunisikiliza nikijisomea kwa sauti, basi. Nikamwambia hapana, usukani ule ni mwepesi mno, ukiugusa kidogo linakwenda mtaroni, unatakiwa uushike hivi na si vile. Zaituni akamtazama kungwi wake. Bi Tatu akaishika shela, akaiachia, kwa sababu mtu hawezi kuendesha gari amefunikwa gubigubi, na kufunuliwa hafunuliwi. Mwishowe akavua mtandio wake mwenyewe, akaingiza mikono chini ya shela, akamfunga dada yangu usoni akakaza, akairudisha shela nyuma. Yakabaki macho.

"Macho tu," alisema. "Macho hayana kipa mkono."

Nikashuka. Zaituni akateremka kutoka juu, akakaa kiti changu.

Na hapo, rafiki zangu, ndipo siku ikageuka. Askari akatangulia mbele, mkono juu, anasimamisha magari ambayo hayakuwepo. Bi Tatu akaanzisha wimbo wa harusi wa kwetu kusini, wachezaji hawaujui, wakaudaka kwenye kiitikio. Jumapili mchana mji ulikuwa kimya mno, watu wako vibarazani hawana pa kwenda, kwa hiyo wimbo ulisikika mbali, na Magomeni ikatoka yote. Wanawake wakaacha sahani wakaja na kanga zao wakipepea, watoto wakasukuma, wazee wakasukuma, kufika njia ya Kinondoni sikuwa naona mwisho wa watu nyuma yangu. Na katika kile kishindo gari la kijani lilikuwa linakwenda katikati ya barabara, limenyooka kama limepigiwa kamba, dada yangu ameshika usukani kwa mikono miwili. Mie nilikuwa nyuma, shavu kwenye buti la gari nililoling'arisha asubuhi, vumbi mdomoni, nasukuma na kulia, na jasho lilinifaa maana lilificha.

Hakugusa mtaro hata mmoja. Alikata kona ya kuingia kwao Shomari kwa upana, taratibu, mie nilikuwa nimeshasema peke yangu "kata sasa" na yeye alikuwa ameshakata. Akavuta breki ya mkono mbele ya mlango.

Shangazi alikuwa amesimama pale, na nadhani alikuwa na maneno yake tayari kwa sababu tulichelewa. Alimtazama askari, akatazama umati, akatazama macho yaliyokuwa nyuma ya usukani. Kisha yule mama, mtani wetu, akavua kanga yake ya juu akaitandika chini, kutoka mlango wa gari mpaka kizingitini, na akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Zaituni akashuka akakanyaga kanga. Askari akatoa ufunguo mfukoni, nikanyoosha mkono, akanipita.

"Dereva, ufunguo wako," akamwambia dada. "Usiliwashe mpaka kesho asubuhi."

Mie nilipotaka kuingia ndani, mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akanishika bega akanishukuru sana kwa kusaidia kusukuma, akasema vijana kama nyie ndio taifa linawahitaji, akanielekeza kwenye sinia la wachezaji. Nikala nao. Nilikuwa bado na glovu moja, sijui nyingine iliangukia wapi, na yule mrefu akanipa kipande cha nyama kikubwa kwa heshima ya ugolikipa.

Ni miaka miwili sasa. Zaituni alipata leseni kabla yangu, anaendesha pikapu ya duka la ushirika la mtaa wao, na siku nikipanda naye mie nakaa kiti cha abiria, nimenyamaza.